Salamu za Muuaji

SEHEMU YA SABA

Wiki jana tulimwacha Koome na kidole juu ya kitufe. Alikuwa kwenye studio ya Redio Kithaka mjini Meru, katikati ya kipindi chake cha Salamu za Saa Nne, taa nyekundu inawaka, na kwenye laini yuko yule mtu aliyeua watu tisa katika kambi ya wafanyakazi kule Timau. Polisi walikuwa wakimtafuta mwezi wa pili sasa. Yeye alikuwa akipiga simu redioni anavyotaka.

"Nimebakisha salamu moja," mtu yule alisema. "Ya mwisho."

Kata simu, Koome! Najua wengi wenu mmekuwa mkipiga kelele hivyo wiki nzima. Mama mmoja wa Nkubu amenitumia ujumbe kwamba alilitupa gazeti chini kwa hasira. Asante, mama, lakini Koome hakukata.

Nyuma ya kioo, meneja wake Makandi alikuwa akizungusha mkono hewani. Endelea, endelea! Simu za wasikilizaji zilikuwa zimejaa mpaka mtambo umelemewa.

"Salamu za nani, Jenerali?" Koome akauliza.

"Za Igoki."

Basi. Jina tupu, bila mahali.

Nyinyi mnaosikiliza vipindi vya salamu mnajua mambo yanavyokwenda. Mtu akipiga na kusema "Kendi", mtangazaji hudakia, "Kendi wa Gakoromone, mama wa ndizi, zimekufikia hizo!" Watu walimpenda Koome kwa hilo, kwamba anamjua kila mtu na kwao. Alikuwa amelifanya kwa miaka mingi hata halimpitii tena akilini, kama mtu anayeitikia amina kabla sala haijaisha.

"Igoki wa Majengo, zimekufikia hizo!" Koome akasema.



"Majengo," mtu yule akarudia polepole. "Asante sana, ndugu yangu."

Akakata.

Ulimi hauna mfupa, wazee walishasema. Igoki ndiye mtu pekee aliyetoka hai katika kambi ile, na ndiye pekee angeweza kusimama kortini na kumnyooshea kidole muuaji. Alifichwa huko Majengo, mtaa wa hapa mjini. Mwandishi wa habari aliyejua alikofichwa alikuwa mmoja tu, naye ni Koome, aliyekwenda kumwona na kuapa kwamba hatasema.

Makandi aliingia studio akicheka.

"Umesikia simu hizo? Hata Nairobi wanatupigia!"

"Makandi, nimemtaja."

"Umemtaja nani?"

"Igoki. Nimesema Majengo. Alikuwa hajui, alikuwa ananichokonoa tu, na mimi nimemwambia."

Kicheko cha Makandi kilikufa. Aliweka wimbo, akafunga mlango, akafikiri haraka kama kawaida yake.

"Rudi hewani. Sema ulimaanisha Majengo ya Nanyuki. Kila mji uko na Majengo."

"Na huko Nanyuki hakuna Igoki mwingine wa kuuawa?"

Koome alimpigia Igoki, simu imezimwa. Akapiga tena, imezimwa. Akatoka mbio bila koti.

Safari sisimulii. Alifika Majengo jasho likimtoka, akapita kando ya bucha, akaingia ua wa nyuma. Mlango wa chumba cha Igoki ulikuwa wazi. Kikombe cha chai kilikuwa juu ya stuli, bado kina moshi. Leso ilikuwa sakafuni. Igoki hayupo.

Mkono mzito ukamshika begani.

"Wewe si Koome wa salamu?"

Koome aligeuka amekunja ngumi. Aliyemshika alikuwa mwendesha bodaboda, kijana anayecheka meno yote nje.

"Buda, wewe ni noma! Jenerali amesema nini leo? Mimi nilikuwa na mteja, sikusikia mwisho. Cheki pikipiki yangu, cheki!"

Koome akacheki. Nyuma ya pikipiki, kwenye bamba la kuzuia matope, ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu: JENERALI BARIDI.

Jina hilo lilitoka wapi? Lilitoka kinywani mwa Koome. Mtu yule alipopiga mara ya kwanza alizungumza kwa utulivu, na Timau ni baridi, basi Koome akaona ni jina tamu la redio. Jenerali hakuwahi kuwa jenerali wa chochote. Alikuwa msimamizi wa walinzi wa shamba, akafukuzwa kwa kuwapiga wanawake wanaochambua mbaazi. Alirudi na bunduki asubuhi, wakati wa chai, akadai anawapigania maskini, na hao aliowaua hakuna aliyekuwa na hata kuku wa kuchinja Krismasi. Sasa ana fulana zenye sura yake sokoni.

Nanyi msimcheke Koome. Tangu hadithi hii ianze, mmeniuliza Jenerali anavaa kofia gani, kama ana mke, kama atavuka mpaka. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza wale tisa wanaitwa nani. Hata mhariri hakuuliza.

"Unaionaje?" kijana wa bodaboda alikuwa bado anasema. "Si ni kali?"

"Ifute," Koome akasema.

"Aa, sasa umekuwa aje?"

"Unamtafuta msichana?" Sauti ya tatu ilitoka mlangoni mwa bucha. Mwenye bucha alikuwa amesimama na aproni yake ya damu, kisu mkononi, na nyuma yake wachinjaji wengine wanne. "Unamtafuta umtangaze tena?"

"Yuko hai?"

"Redio iko kila duka hapa. Ulivyosema Majengo, sisi wote tuliinuka. Unafikiri watu wa hapa ni wa kulala?" Alimtazama Koome juu mpaka chini. "Ingia hiyo madrasa hapo nyuma. Vua viatu. Na simu yako nipe mimi."

Koome akavua viatu, akatoa simu, akaingia kama mwizi aliyepatikana.

Igoki alikuwa amekaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wawili wa Majengo. Ni msichana wa Embu, mwembamba, asiyepandisha sauti. Kando yake alikuwa Mzee Salesio, mkulima wa Mikinduri, baba ya marehemu Ednah Kaari. Ednah na Igoki walikuwa wakilala kitanda kimoja kambini. Tangu mazishi, mzee huyo alikuwa akimletea Igoki ndizi na maziwa kama binti yake.

"Igoki, nisamehe," Koome akasema. "Mdomo uliteleza."

"Haujateleza leo," Igoki akajibu. "Ulianza kuteleza ile siku ulimuita Jenerali."

"Sikujua ingefika hapa."

"Yeye ulimpa cheo. Sisi ulituita watu tisa. Ati watu tisa. Kama magunia ya ngano."

"Nilikuja nikuhoji. Wewe ndiye ulikataa."

"Nilikataa kwa sababu maswali yote yalikuwa yake. Alivaa nini. Alisema nini akiingia. Alikuwa anacheka ama hacheki. Hukuniuliza Ednah aliniambia nini hiyo asubuhi."

Koome alitaka kuuliza sasa. Aliona aibu kuuliza, akatazama mkeka.

"Mimi sikuwahi kuzima hiyo redio," Mzee Salesio akasema ghafla.

Wote walimgeukia.

"Kila akipiga, mimi nasikiza. Mke wangu anatoka nje, anaenda kwa ng'ombe, mimi nabaki hapo na masikio. Nilikuwa nangoja ataje Kaari. Hata kwa matusi, ataje tu, nijue anajua aliua mtu." Mzee alikuwa akikunja na kukunjua kofia yake. "Ona mahali nimefika, mwalimu wa salamu. Mtu mzima na mvi, nangojea muuaji anitajie mtoto, kwa sababu redio ilikataa."

"Redio haikukataa, mzee."

"Tulileta tangazo la kifo. Mimi mwenyewe nilileta, nikakaa kwa benchi yenu. Nikaambiwa ningoje, ati Jenerali yuko kwa laini. Nikangoja. Wakafunga ofisi. Tukazika Kaari bila kutangazwa."

Kwetu huku, ndugu msomaji, hata bibi kizee wa miaka mia hutangazwa redioni, na ukoo wake wote unatajwa, watoto, wajukuu, walioko ng'ambo, mpaka waliotangulia. Kumzika mtu bila tangazo ni kama kumzika kwa siri, kana kwamba alifanya jambo baya.

Na Koome aliikumbuka siku ile. Aliikumbuka vizuri. Karani alikuwa amechungulia na kusema kuna mzee wa Mikinduri, na yeye Koome, maikrofoni ikiwa imezimwa, alisema, "Vifo baadaye." Maneno mawili. Yalimrudia sasa, na uso ukamwaka moto mpaka masikioni. Angependa mkeka umfunike.

Mwenye bucha akaingia na simu inayolia. "Ni mama anaitwa Makandi. Amepiga mpaka nimechoka."

Koome akapokea, akaweka sauti ya nje.

"Koome, uko wapi? Amepiga! Anataka kujisalimisha!"

"Nani?"

"Nani mwingine? Anataka saa sita, laivu, saa nzima yake, bila kukatwa. Halafu atoke mwenyewe ajipeleke. Inspekta Ndambiri yuko hapa, amekubali. Ati akikaa kwa laini kiasi hicho watajua yuko wapi hata akibadilisha mawazo. Koome, hii ni historia!"

Simu ikakatwa.

"Saa nzima," Mzee Salesio akasema. "Kaari hakupewa hata dakika."

Igoki alikuwa amekunja uso, anafikiri.

"Polisi wanataka nini, Koome? Wanataka redio ama wanataka simu?"

"Simu. Akae tu kwa laini."

"Basi si lazima sisi tumsikie."

Koome alimtazama. Akaelewa.

"Utaweza kuongea wewe?" akamuuliza.

"Sijui," Igoki akasema. "Lakini huko kwenu mnasema kila mtu salamu zake zitamfikia. Nataka nitume za watu wangu."

Waliingia redioni kwa mlango wa nyuma, mwenye bucha mbele na wenzake nyuma. Makandi alipousikia mpango alishika kichwa.

"Mnataka kufunga hii stesheni? Nimemtangaza Jenerali tangu saa tano! Watu wameacha kazi wanangoja!"

"Wataambiwa ukweli," Koome akasema. "Mimi nitakuwa chumba cha pili na simu. Atadhani yuko hewani. Hewani atakuwa Igoki."

"Na kama ana redio?" Inspekta Ndambiri akauliza. Alikuwa bado na kikombe cha chai cha Makandi mkononi.

"Huwa anaizima. Redio ikiwa karibu na simu inapiga mluzi. Kila mara namkumbusha."

"Koome, nakukataza," Makandi akasema.

"Basi nitaingia mimi nieleze wasikilizaji matangazo ya vifo ya Timau yalienda wapi. Nitaanza na mimi, halafu wewe."

Makandi alifungua mdomo. Kisha akamwona Mzee Salesio, amesimama kando ya lile benchi, hataki kulikalia. Akamjua. Meneja yule ambaye hajawahi kukosa neno alivuta kiti chake mwenyewe cha magurudumu, akamsukumia mzee, akaenda kusimama dirishani akiwapa mgongo.

Saa sita simu ikalia.

"Niko hewani?" mtu yule akauliza.

"Ongea," Koome akamjibu.

Ilikuwa mara ya kwanza kumdanganya, na mara ya kwanza kutomwita Jenerali.

Akaongea. Alisema nini? Sitawaandikia. Kama mlinunua gazeti kwa ajili hiyo, lirudisheni mlikolinunua.

Ng'ambo ya kioo, Igoki alikuwa ameinamia maikrofoni. Alianza vibaya, karibu sana, pumzi zikasikika kama upepo. Mzee Salesio akamgusa bega. Akaanza tena, kwa maneno yale yale ambayo kila mtu wa Meru na Embu anayajua kwa moyo.

"Ni kwa huzuni kuu, lakini kwa kukubali mapenzi ya Mungu, tunatangaza kifo cha Ednah Kaari wa Mikinduri. Mtoto wa Salesio. Hiyo asubuhi aliniambia tukipewa likizo twende kwao, nikaonje ndizi ya kwao, ati hiyo ya Embu si ndizi. Tunatangaza pia Misheck Gitari wa Runyenjes. Alikuwa anaimba kwaya na sauti mbaya, na hatukuwahi kumwambia. Tunatangaza Nelius wa Siakago. Alikuwa anajengea mama yake, alikuwa amebakisha mabati."

Katika chumba cha pili Koome alikuwa akiitikia "ndiyo" na "eeh" kwenye simu, na sikio lake lingine liko kwenye spika ndogo ya ukutani. Hakujua kwamba machozi yanamtoka mpaka yalipodondokea mkono. Chini barabarani, stendi nzima ya bodaboda ilikuwa imezima injini. Walikuja kumsikia Jenerali, wakabaki hivyo hivyo, kofia za chuma mapajani.

"Kuna mmoja simjui jina," Igoki akasema. "Naomba msamaha. Aliingia kazini Jumatatu, na hiyo ilikuwa Jumatano. Alikuwa ametengeneza mlango wetu, tukamuita Fundi. Alikuwa na pengo hapa mbele. Hata chumba cha maiti hawajui jina. Kama kuna mtu wake anasikia..."

"Koome," mtu yule akasema kwenye simu.

Alikuwa ameacha kuhutubia.

"Niko."

"Mbona redio inataja watu wa Timau, na mimi ndiye niko hewani?"

Inspekta Ndambiri, aliyekuwa kando ya Koome, akaweka kikombe chini.

"Redio gani?"

"Ya jikoni. Nilimwambia huyu mama azime, amekataa. Kichwa ngumu."

"Mama gani?"

Mtu yule akacheka.

"Majengo watu wamejaa, bana. Wachinjaji kila mlango. Lakini hapa Kibirichia kumetulia. Si wewe humsalimia mama yako kila Ijumaa? Nyumba ya kwanza ukipita dipu ya ng'ombe, mlango wa kijani. Unaeleza vizuri kabisa."

Inspekta alikuwa tayari anashuka ngazi, anapiga kelele kwenye simu ya upepo. Lakini Kibirichia si hapo jirani, na gari la polisi mnalijua.

"Sasa sikiza," mtu yule akasema. "Toa huyo msichana. Uniweke mimi. Nikihesabu kumi sijajisikia kwa hiyo redio, salamu za leo zitakuwa za mama Koome. Moja."

Koome akatazama kupitia kioo. Igoki alikuwa amefumba macho, anamtafuta yule wa tano kichwani mwake. Kitufe kilikuwa karibu. Akikibonyeza atamnyang'anya maikrofoni Igoki, na kuirudisha mikononi mwa muuaji, na mama yake huenda akapona. Asipokibonyeza, kuna nyumba Kibirichia itakayotangaza kifo. Msimlaumu kwa alichoamua. Mkono wake ulikwenda kwenye kitufe, na wa kwangu ungekwenda pia.

"Nakuweka," akasema. "Subiri, nakuweka sasa hivi. Usimguse."

"Koome." Ilikuwa sauti ya kike, kavu, isiyo na haraka. Ndiyo sauti iliyomwita kutoka shamba la viazi tangu akiwa mdogo. Mama Teresia.

"Mama! Usiogope, namuweka!"

"Usimuweke."

"Mama, tafadhali..."

"Mwana wakwa, wacha kulia unisikize. Huyo fundi ana pengo ni Mwongera wa Mbaka, hapa juu kwetu. Mama yake anadhani yuko Isiolo kwa kazi, hata jana amemuwekea chakula. Mwambie huyo msichana amtaje."

Simu ikakatika, kidole cha Koome kikiwa bado juu ya kitufe.